Avoka ameacha siku za rufaa zipite: nani atanilipa nyumba yangu?

Swali kutoka Katuba, Lubumbashi:

«Metre, jambo. Niko mama mjane. Bwana yangu alinunua parseli, akapewa fishi ya parseli (karatasi ya kata inayotambua kiwanja), tukajenga. Miaka mingi baadaye akatokea mtu na sertifika ya ardhi, akatupeleka TGI (tribunal de grande instance, mahakama ya kwanza ya kesi kama hizi). Tulishindwa mwezi wa tatu. Avoka wetu akasema tusiogope, atakata rufaa, akachukua dola 400. Mwezi wa nane usie (mtumishi wa mahakama anayekabidhi karatasi na kutekeleza hukumu) akaleta karatasi ya kututoa ndani ya nyumba. Nilienda Mahakama ya Rufaa, grefye (karani wa mahakama) akatafuta kwenye kitabu chake, hakuna rufaa ya jina letu. Avoka hapokei simu tena. Nimeambiwa nimshtaki kwa batonye (mkuu wa maavoka), lakini jirani yangu anacheka: batonye naye si avoka? Kesi ya ngedere, hakimu nyani. Je, niende au nisiende? Na nani atanilipa nyumba yangu?»

Jibu:

Mama, pole sana. Nitafika kwa batonye na kwa nyani wa jirani yako, lakini kwanza kuna jambo ambalo hukuliuliza, nalo ndilo la haraka. Una hakika kwamba siku za rufaa zimekwisha?

Watu wengi hapa mjini huhesabu tangu siku jaji aliposoma hukumu. Hesabu hiyo ni ya kesi za jinai: kule kuna siku 10, na kwa kawaida zinaanza na kusomwa kwa hukumu. Kesi yako ni ya madai. Sheria ya mwenendo wa kesi za madai, ile ya 7 Machi 1960 ambayo bado tunaitumia, inampa aliyeshindwa siku 30, na kwa hukumu iliyotolewa pande zote zikiwa zimefika mbele ya jaji, siku hizo zinaanza pale usie anapoikabidhi hukumu rasmi, tendo ambalo kule grefi, ofisi ya grefye, wanaliita sinifikasio. Hukumu inaweza kusomwa mwezi wa tatu ikalala kabatini hadi mwezi wa nane kwa sababu aliyeshinda hajalipia nakala. Muda wote huo hakuna siku hata moja iliyohesabiwa.

Chukua basi ile karatasi ya mwezi wa nane. Labda umeiona ni ya kukufukuza tu, lakini mara nyingi usie huweka mambo mawili ndani ya tendo moja: anakukabidhi hukumu, na papo hapo anakuamuru uitii. Soma mistari ya juu. Itaanza na «L'an deux mille», kisha tarehe iliyojazwa kwa kalamu. Chini kidogo utaona «et y parlant à», na mbele yake jina la mtu aliyeipokea, nalo limeandikwa kwa mkono. Kwa leo kesi yako yote imo ndani ya mistari hiyo miwili. Ikiwa jina ni lako au la mtoto wako, na hakuna karatasi nyingine iliyotangulia, hesabu inaanzia tarehe hiyo. Kama siku 30 hazijatimia, rufaa yako iko hai. Avoka amekukosea, ndiyo, ila nyumba bado inaweza kupiganiwa.

Kuna uwezekano mbaya zaidi. Tazama karatasi za mwanzo za kesi: je, imeandikwa kwamba mlichagua ofisi ya avoka kuwa anwani yenu ya kupokelea karatasi? Ni jambo la kawaida sana. Ikiwa ndivyo, usie huenda aliipeleka hukumu kwenye ofisi hiyo mwezi wa nne, sekretari akatia sahihi, karatasi ikaingia kwenye fayilo, nawe ukabaki Katuba ukisubiri habari. Karatasi ya namna hiyo ikipatikana itaiumiza kesi ya nyumba. Dhidi ya avoka, hata hivyo, sioni ushahidi mzito kuliko huo, maana utaonyesha kwamba alijua na tarehe aliyojua.

Ukikuta siku bado zipo, usimngoje tena yule bwana. Rufaa inatangazwa kwa grefye wa Mahakama ya Rufaa mwenyewe, naye anaiandika. Unaweza kwenda wewe. Ukimtuma avoka mwingine, mpe prokirasio maalumu, yaani hati ya kumpa mamlaka, inayotaja hukumu hiyo kwa namba yake, kwa sababu rufaa nyingi hufia mlangoni kwa kukosa karatasi hiyo moja. Baadaye mtahitaji pia nakala kamili ya hukumu iliyotolewa na grefi ya TGI. Fotokopi ya fotokopi haitatosha. Na kama jaji wa kwanza aliamuru hukumu itekelezwe bila kungoja rufaa, rufaa peke yake haitamzuia usie. Avoka mpya ataomba kwa ombi la pekee Mahakama ya Rufaa isimamishe utekelezaji. Ni kazi ya siku chache, si ya kuachia wiki ijayo.

Ukikuta zimekwisha, usipoteze pesa kwa mtu atakayekuambia kwamba mtaenda Kinshasa kwenye Mahakama ya Kasasio. Kule zinafika hukumu za daraja la mwisho. Hukumu ambayo ilikuwa na njia ya rufaa na haikukatiwa rufaa haina safari hiyo. Badala yake rudi kwa grefye wa Mahakama ya Rufaa, umwombe cheti kinachothibitisha kwamba hakuna rufaa iliyokatwa dhidi ya hukumu namba fulani. Wanacho, wanakitoa kila siku kwa watu walioshinda kesi na wanaotaka kutekeleza. Wewe utakitumia kwa kazi nyingine.

Sasa twende kwa avoka.

Kabla ya batonye, hakikisha mtu huyo ni nani. Mjini mwetu wapo maavoka walioandikwa kwenye orodha ya baro, chama rasmi cha maavoka, wapo walio bado kwenye staji yao ya miaka miwili chini ya mkubwa wao, wapo watetezi wa mahakama ambao hawako chini ya batonye kabisa bali chini ya sindiki, mkuu wao, na wapo, niseme waziwazi, watu wenye koti jeusi na kadi ya biashara tu. Sheria inayowapanga wote hao, isipokuwa hao wa mwisho, ni amri-sheria namba 79-028 ya 28 Septemba 1979. Ofisi ya baro inayo orodha. Uliza kama jina lake limo na kwa cheo gani. Asipokuwamo popote, mwache batonye, nenda parke, ofisi ya mwendesha mashtaka: huyo si avoka mzembe, ni tapeli. Akiwa wa staji, andika na jina la mkubwa wake, kwa sababu ofisi ni ya mkubwa na kijana hakuchukua kesi yako hewani.

Tuseme ni avoka kamili. Hapo, mama, una njia mbili ambazo watu wanazichanganya kila siku, na mchanganyiko huo ndio unaoleta kilio. Njia ya kwanza inamhusu avoka na baro yake: je, alivunja wajibu wa kazi, na aadhibiwe vipi? Ya pili inakuhusu wewe na hasara yako: je, alikuumiza, na alipe kiasi gani? Batonye na Baraza la Baro wanashika ya kwanza. Ya pili iko mkononi mwa jaji. Anayekwenda kwa batonye akitarajia nyumba atarudi mikono mitupu hata siku ambayo batonye amefanya kazi yake vizuri kabisa.

Baraza la Baro linaweza kumwonya avoka, kumkaripia, kumsimamisha kazi kwa muda, au kumfuta kwenye orodha. Hakuna adhabu ya tano inayosema «amrudishie mama nyumba yake». Kuhusu zile dola 400, mlango upo: malalamiko juu ya malipo ya avoka yanaangaliwa na baro, na pesa iliyochukuliwa kwa kazi isiyofanyika inaweza kuagizwa irudi. Nimeona watu wakirudishiwa pesa za namna hiyo haraka kuliko walivyodhani, mara nyingi hata kabla ya kikao, kwa sababu hakuna avoka anayependa barua yenye jina lake ifike kwenye meza ya Baraza.

Barua hiyo iandike hivi, bila matusi na bila hadithi ndefu: «Mheshimiwa Batonye, avoka fulani alinitetea katika kesi namba fulani mbele ya TGI ya Lubumbashi. Hukumu ilitolewa tarehe fulani. Tarehe fulani nilimpa dola 400 ili akate rufaa. Risiti au ujumbe wa simu umeambatishwa. Rufaa haikukatwa, cheti cha grefye kimeambatishwa. Naomba aeleze, anirudishie pesa na fayilo yangu, na Baraza liamue juu ya mwenendo wake.» Basi. Peleka nakala mbili. Moja ibaki kwao, nyingine wakugongee muhuri na tarehe ya kuipokea. Bila muhuri huo, baada ya miezi mitatu utaambiwa hakuna barua. Kama huna risiti, na najua wengi hampewi, tafuta ujumbe wa pesa kwenye simu, maandishi ya WhatsApp, sauti aliyokutumia akikuambia «mama, rufaa iko tayari». Usibadilishe simu kabla hujayahifadhi.

Kuhusu fayilo, usione haya kuidai. Karatasi za parseli na hukumu ni mali yako hata kama avoka anadai umebakiza malipo.

Sasa nyani. Jirani yako hakukosea kucheka. Batonye anachaguliwa na maavoka wenzake, Baraza vilevile. Avoka unayemlalamikia huenda alimpigia kura, huenda kesho watakuwa upande mmoja wa kesi. Ukifika mbele ya Baraza, wewe ni msimuliaji wa yaliyotokea kuliko kuwa mdai: kesi ya nidhamu ni kati ya baro na mtu wake. Na ukaaji wa barua zetu kwenye meza fulani unajulikana.

Hata hivyo nakuomba uelewe kwa nini mambo yalipangwa hivyo, kwa maana sababu si ujanja wa maavoka peke yao. Baro za nchi yetu ziliundwa rasmi mwaka 1968, na sheria ya sasa ni ya 1979. Yote mawili yalifanyika wakati wa Mobutu. Fikiria wakati huo mamlaka ya kumfuta avoka kazini yangekuwa mkononi mwa waziri au gavana. Ni nani angemtetea mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekamatwa, au mfanyakazi wa kampuni ya migodi ya Gécamines aliyegombana na wakubwa? Avoka anayeweza kufutwa na serikali huipigia serikali magoti. Ndiyo maana hata kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu kazi ya mawakili, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinakubali kamati ya nidhamu iliyoundwa na mawakili wenyewe. Lakini zinataka kamati hiyo isiwe na upendeleo, na uamuzi wake uweze kupitiwa tena na chombo huru cha mahakama. Kwetu watu wanakumbuka nusu ya kwanza ya kanuni.

Nchi nyingine zimeshahama kutoka hapo. Ubelgiji, ambako tulichukua mfano wetu wa baro, iliamua kwa sheria ya 21 Juni 2006 kuitoa nidhamu mikononi mwa baraza la kila baro na kuipeleka kwenye mabaraza ya nidhamu yaliyo kwenye ngazi ya mahakama ya rufaa, ili avoka asihukumiwe na watu anaokula nao mchana. Ufaransa ilifanya karibu vilevile kwa sheria ya 2004, na tangu sheria ya Desemba 2021 mlalamikaji mwenyewe anaweza kukifikisha kilio chake mbele ya chombo cha nidhamu bila kungoja batonye apende. Kenya ina tume ya malalamiko dhidi ya mawakili iliyo chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa serikali, mbali na chama cha mawakili. Uingereza imekwenda mbali kuliko wote. Ripoti ya Desemba 2004 iliyotolewa na David Clementi ilisema wazi kwamba chama kinachotetea masilahi ya mawakili hakiwezi wakati huohuo kuwa msimamizi wao. Sheria ikaja mwaka 2007, usimamizi ukatenganishwa na chama, na Oktoba 2010 kikafunguliwa chombo cha kupokea malalamiko ya wateja ambacho hakiendeshwi na mawakili. Mteja hakilipi hata senti, nacho kinaweza kumwamuru wakili alipe fidia hadi pauni 50,000.

Usidhani Waingereza wamepona. Mwaka 2023 ofisi kubwa ya mawakili ya London, Axiom Ince, ilifungwa baada ya kugundulika kwamba zaidi ya pauni milioni 60 za wateja hazipo, na msimamizi wa mawakili, yule aliyetenganishwa na chama chao, alilaumiwa kwamba alichelewa kuona. Kwa hiyo mimi si wa wale wanaosema tuwanyang'anye maavoka baro yao tumpe waziri. La hasha. Ningetaka vitu viwili vidogo: nidhamu isikiwe na Baraza la baro nyingine, kesi ya Lubumbashi iende Kolwezi na ya Kolwezi ije hapa; na mlalamikaji apewe jibu la maandishi, hata kama ni la kumkatalia. Hakuna pesa nyingi inayohitajika kwa hayo.

Kwa sheria tuliyo nayo leo, batonye asipojibu, kuna mtu wa pili wa kumwandikia: mwendesha mashtaka mkuu kwenye Mahakama ya Rufaa, ambaye naye anaweza kulisukuma Baraza. Mpelekee nakala ya barua yenye muhuri wa baro. Barua huwa na kasi nyingine kabisa batonye akijua kwamba parke kuu inayo nakala.

Wapo watakaokushauri uruke yote hayo uende moja kwa moja parke, umshtaki avoka kwa kula amana. Kosa hilo lipo, kifungu cha 95 cha sheria ya jinai, kifungo kinaanzia miezi mitatu hadi miaka mitano, na avoka aliyeshika pesa za mteja kwa kazi maalumu akazila hana kinga yoyote. Lakini zile dola 400, kama zilikuwa malipo yake ya kazi, si amana. Ni deni la kazi isiyofanyika. Kama alisema ni za gharama za mahakama, hapo ni jambo jingine. Wasiwasi wangu ni mwingine: kesi hizi zikifika kwa inspekta, mara nyingi zinageuka kuwa mazungumzo ya pesa ambayo wewe ndiye unayelipa nauli, unga wa kikao na kahawa ya watu. Anza na baro.

Tufike kwenye nyumba.

Ukitaka fidia, utamshtaki avoka mbele ya jaji wa madai kwa msingi wa mkataba wenu, na sheria yetu ya mikataba ya 30 Julai 1888 inakupa pia kifungu cha 258 na cha 259: anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake hulipa, na kosa ni pamoja na uzembe na kutokuwa mwangalifu. Utatakiwa kuthibitisha mambo matatu: kosa, hasara, na kwamba hasara ilitokana na kosa hilo.

Kosa kwako si gumu. Avoka hakukuahidi ushindi, na kushindwa kesi si uzembe. Mteja anayemlaumu avoka kwa sababu tu jaji alikubali hoja za upande wa pili anapoteza muda. Avoka anadaiwa bidii. Lakini kupeleka rufaa ndani ya siku 30 hakuhitaji kipaji wala bahati. Ni kazi ya kufanya au kutofanya. Ukiwa na ushahidi kwamba ulimwagiza, na cheti cha grefye kwamba hakufanya, atabaki na kujitetea kwamba hukumwagiza au hukumlipa. Ndiyo maana nilisisitiza simu yako.

Ugumu uko kwenye hasara, na hapa maavoka wachache watakuambia ukweli kabla ya kuchukua pesa yako. Jaji hatauliza nyumba ina thamani gani. Atauliza: rufaa ile ingekatwa, ingeshinda? Ulichopoteza kwa uzembe wa avoka si nyumba, ni nafasi ya kuipigania mara ya pili. Fidia inapimwa kwa ukubwa wa nafasi hiyo. Fikra hii inatoka kwa majaji wa Ufaransa na Ubelgiji, nasi tuliorithi sheria zao tunaitumia.

Waingereza wanayo vilevile, na kesi yao maarufu ni ya mjane kama wewe. Mume wake, askari wa jeshi la anga, aliuawa na umeme wa jiko nyumbani mwaka 1945. Mawakili waliokuwa wamshtaki mwenye umeme waliacha mwaka mmoja wa sheria upite bila kufungua kesi. Kampuni ya umeme ilitoa pauni 100 kwa sharti kwamba mjane asijue zimetoka wapi, na mawakili wake wakanyamaza. Mwaka 1958 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hakuna awezaye kusema kwa hakika kama angeshinda ile kesi, lakini alikuwa na nafasi ya kweli, na nafasi ina bei. Kiwango cha juu ambacho angepata kilikuwa kama pauni 3,000, akapewa 2,000.

Tugeukie nafasi yako, na nisamehe nikiwa mkali. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema haki juu ya ardhi inathibitishwa na sertifika ya uandikishaji, na kwamba sertifika ikishapita miaka miwili tangu itolewe haishambuliwi tena. Fishi ya parseli uliyo nayo inaonyesha kwamba mlikaa, mlitambuliwa na kata. Mbele ya sertifika ni nyepesi. Kwa hiyo tafuta tarehe moja: sertifika ya huyo bwana ilitolewa lini? Kama ilitolewa mwaka mmoja tu kabla hajawashtaki, na avoka wenu hakuomba ifutwe, rufaa ilikuwa na meno, na tena uzembe wa avoka ulianza TGI kabla ya rufaa. Kama ina miaka kumi, avoka atasimama mbele ya jaji aseme: «Sikukata rufaa, kweli, lakini mama angeshindwa tu.» Na atakuwa na hoja. Hapo utabaki kubishania kama sertifika ilipatikana kwa hila, kama ilitolewa juu ya ardhi ambayo watu walikuwa wanaishi bila uchunguzi kufanywa. Mambo hayo yamewahi kuwasikilizisha majaji, lakini usiuze mbuzi wako wa mwisho kwa tumaini hilo.

Tarehe hiyo inapatikana kwenye nakala ya sertifika iliyo ndani ya fayilo ya kesi. Isipokuwepo, iko kwa konservateri wa hati za ardhi.

Ukiona kesi ina uzito, utahitaji avoka wa kumshtaki avoka. Wengi watasitasita, na kwa desturi ya baro anayekubali humjulisha batonye kwanza kabla ya kumburuta mwenzake mahakamani. Huo si mlango wa kukuzuia, ingawa wapo wanaougeuza kuwa hivyo. Mtafute wa Kolwezi au Likasi ambaye hatakutana na huyo bwana kila asubuhi kwenye ngazi za mahakama. Huna pesa? Sheria ya 1979 inaitaka kila baro iwe na ofisi ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo; dai huduma hiyo, na uombe cheti cha ufukara kwa huduma ya mambo ya jamii ili usilipishwe gharama za grefi. Muulize pia avoka mpya kama yule wa kwanza ana asiransi (bima) ya kazi yake. Hukumu dhidi ya mtu asiye na kitu utaifunga kwa fremu ukutani.

Muda wa kumshtaki ni mrefu, sheria ya madai inatoa hadi miaka 30. Lakini sauti za WhatsApp hazikai miaka 30.

Jambo la mwisho, nalo linaweza kuwa kubwa kuliko yote niliyoandika. Umesema parseli ilinunuliwa na marehemu. Kwa sheria yetu ya familia ya 1987 watoto wake ndio warithi wa daraja la kwanza, nao wanachukua robo tatu ya urithi. Wewe mjane uko daraja la pili, na una haki ya kukaa ndani ya nyumba. Je, huyo bwana alimshtaki nani? Tazama ukurasa wa kwanza wa hukumu. Kama jina lililoandikwa ni lako peke yako, na watoto wako wakubwa hawakuitwa wala hawakuwakilishwa, hukumu hiyo imegusa haki zao bila wao kusikilizwa. Mtu wa namna hiyo anaruhusiwa kuipinga hukumu kama mtu wa tatu, mbele ya TGI ileile iliyoitoa. Kupinga huko peke yake hakumzuii usie, kwa hiyo ombi la kusimamisha utekelezaji liende pamoja. Mwambie mtoto wako mkubwa aende na kitambulisho chake, cheti cha kifo cha baba yake na cheti chake cha kuzaliwa.